Ngao ya Maziwa

Aliyesoma Kitabu cha Hesabu atakumbuka habari za marago ya wana wa Israeli jangwani, jinsi kila mtu alivyoagizwa kupiga hema yake penye bendera ya kabila lake na alama ya nyumba ya baba zake. Na aliyesoma Mwanzo atakumbuka kwamba Yakobo, alipokuwa karibu kufa, aliwafananisha wanawe na wanyama: Yuda na mwana-simba, Isakari na punda, Naftali na ayala. Wachoraji wa Kiyahudi wa nyakati za baadaye wakawachora wanyama hao kuwa alama za makabila. Basi desturi ya kuweka alama isemayo, "Hawa ni watu wa fulani," si jambo jipya, wala haikuzaliwa Ulaya. Huko Ulaya ilipata nguvu kwa ajili ya vita. Askari wa farasi, akiisha kuvaa kofia ya chuma hata uso usionekane, hakujulikana na wenzake kwamba ni rafiki ama adui. Kwa hiyo alichora simba, au tai, au msalaba juu ya ngao yake. Vita vya namna hiyo vilikwisha, walakini ngao zilibaki. Miji ilizitwaa, na maaskofu, na vyuo, na vyama vya mafundi, na mwisho zikawa ilimu kamili yenye kanuni zake, nayo twaweza kuiita ilimu ya nembo. Katika mji wa London kuna Koleji ya Nembo iliyopewa hati na mfalme mwaka wa 1484, na hata leo mji au chama kitakacho ngao hupeleka haja yake huko.

Twataka kuzungumza juu ya ngao za wenye maziwa, yaani za vyombo vile vilivyoundwa kwa sheria ili kuyasimamia maziwa na watu wayatoao. Twajua msomaji atauliza, maziwa na ngao wapi na wapi? Naye ajibiwe kwa swali jingine: maziwa uliyoyanywa leo asubuhi yalitoka kwa ng'ombe wa nani?

Hapa Mang'ula swali hilo si la mchezo. Mji wetu umekaa chini ya milima ya Udzungwa, ambayo tangu mwaka wa 1992 ni hifadhi ya Taifa; upande wa chini ni mashamba ya miwa na majaruba ya mpunga, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Wazee wa bonde hili, Wandamba na Wapogoro na Wambunga na Wabena, waliishi kwa mpunga na samaki. Ng'ombe walikuwa haba, maana mbung'o walikuwa wengi, na mbung'o akiisha kumwuma ng'ombe humtia ugonjwa wa kukonda hata afe. Maziwa yalikuwa kitu cha mgonjwa, au cha mapadre. Kisha, hasa tangu miaka ya 1990, wafugaji walikuja na makundi yao, Wasukuma na Wamasai na Wabarabaig, wakifuata majani ya bonde. Yaliyofuata twayajua sote: mpunga ulioliwa usiku, fimbo zilizoinuliwa, mashauri yasiyokwisha barazani. Ardhi oevu ya Kilombero ilikuwa imeandikwa mwaka wa 2002 katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu wote. Na mwaka wa 2012 Serikali ilifanya operesheni kubwa ya kuiondoa mifugo bondeni. Makundi mengi yalitoka, mengine yamo bado.

Katika msukosuko huo kitu kimoja kimekaa bila kelele, nacho ni maziwa. Kila alfajiri baiskeli na pikipiki huja sokoni zikichukua madumu ya manjano, yale yaliyokuwa ya mafuta ya kula. Mama mwenye mgahawa huyanunua kwa chai ya wapita njia, na mwenye mtoto mdogo huyanunua kwa kikombe. Mnywaji hamjui mkamuaji, wala mkamuaji hamjui mnywaji. Ikiwa yametiwa maji, au ng'ombe alikuwa na kifua kikuu, au na yale maradhi ya kutupa mimba ambayo humshika mwanadamu kwa homa ya siku nyingi, ni nani atakayeulizwa? Lile dumu la manjano ni kama kofia ya chuma ya askari wa zamani: limefunika uso.

Waingereza walifika penye swali hilo kwa njia ya dhiki ya wakulima wao. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza bei ya maziwa ilishuka, na mwenye ng'ombe kumi, akisimama peke yake na makopo yake kando ya barabara, hakuwa na nguvu mbele ya makampuni makubwa ya mjini. Maziwa hayangoji. Mwenye mpunga aweza kuuweka ghalani hata bei ipande. Mwenye maziwa ya asubuhi hana budi kuyauza kabla ya jua kuwa kali, ama ayamwage. Mnunuzi alijua hivyo, naye alitulia. Ndipo ikatungwa sheria mwaka wa 1931, na nyingine mwaka wa 1933. Wakulima wakapiga kura, wengi sana wakakubali, na mwaka huo huo wa 1933 ikaanza kazi Bodi ya Uuzaji wa Maziwa ya Uingereza na Wales. Siri yake ilikuwa kuichanganya bei. Maziwa ya kunywa yalileta fedha nyingi, maziwa ya kufanyia siagi na jibini yalileta chache. Bodi ilizitia fedha zote katika kapu moja, ikawalipa wote kutoka kapu hilo. Mkulima wa mlimani, mbali na mji, akapata bei iliyo karibu na ya mwenzake aliyekaa mlangoni pa London. Bodi hiyo ilidumu miaka 61, ikavunjwa mwaka wa 1994, wakati serikali yao ilipotaka soko liachiwe huru.

Hapa ndipo ilimu ya nembo inapoingia, maana ile koleji ya London haikipi ngao kikundi cho chote cha watu waliokutana tu. Humpa mtu, au chama kilichofanywa kuwa mtu mbele ya sheria, yaani kiwezacho kununua na kudai, kushtaki na kushtakiwa. Bodi iliyoundwa kwa sheria ni mtu wa namna hiyo. Ina jina, kwa hiyo yaweza kuwa na ngao; na kwa kuwa ina ngao, yaweza kuaibishwa. Sisi twaona jambo hili ni kubwa kuliko uzuri wa picha zenyewe.

Tena katika kanuni za nembo mna jambo la kupendeza: nyeupe na fedha huhesabiwa kuwa rangi moja. Maziwa yakichorwa katika ngao huitwa fedha. (Mama zetu wauzao sokoni wakisikia hivyo watacheka, maana wao walijua zamani.) Ng'ombe naye si mgeni ngaoni. Mji wa Oxford, ambao jina lake maana yake ni kivuko cha maksai, una maksai avukaye maji. Na sisi tuliokivuka kivuko cha Ifakara miaka mingi kabla ya daraja twaielewa picha ile bila mkalimani. Jimbo la Uri katika nchi ya Uswisi lina kichwa cha fahali mweusi mwenye pete nyekundu puani, juu ya rangi ya dhahabu, na Wakapuchini waliofanya kazi Ifakara na vijiji vyake walitoka Uswisi hiyo hiyo. Na katika Afrika, Botswana ilipopata uhuru mwaka wa 1966 ilikiweka kichwa cha fahali katika ngao ya nchi.

Kwetu je? Tuliwaambia wanafunzi wa darasa moja wamtafute ng'ombe katika nembo ya Taifa, wakaitazama hata kengele ikalia. Waliona mwenge, bendera, shoka na jembe, mkuki, na mawimbi ya maji. Wakaona Bibi na Bwana wakizishika pembe za ndovu, nao wamesimama juu ya mlima Kilimanjaro, na miguuni mwao karafuu na pamba. Ng'ombe hayumo. Katika ngao ya Kenya yumo jogoo ashikaye shoka, na chini yake kahawa, chai, mkonge, pareto, mahindi na mananasi. Katika ya Uganda wamo swala na korongo mwenye kishungi, na kahawa na pamba. Nchi hizi tatu zina mamilioni ya ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyepata mahali. Sisi twadhani sababu ni hii: nembo hizo zilichorwa siku za uhuru, na wachoraji waliangalia yale yaliyopanda meli kwenda ng'ambo na kuleta fedha. Maziwa ya Mwafrika hayakupanda meli. Yalinywewa nyumbani, na kitu cha nyumbani husahauliwa na wachoraji.

Tumesema maziwa ya Mwafrika, maana siagi ya walowezi wa Kenya ilipanda meli. Walowezi hao walianzisha chama chao cha ushirika cha maziwa mwaka wa 1925 huko Naivasha, nacho ndicho KCC. Mwafrika hakuwa na mlango pale, wala hakuachiwa kwa wepesi kufuga ng'ombe wa kigeni wenye maziwa mengi, mpaka mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ulipoanza kufungua njia. Mwaka wa 1958 Sheria ya Maziwa ikaunda Bodi ya Maziwa ya Kenya. Ngao ikapatikana, ila iliwafunika wachache: wenye mkataba wa kupeleka maziwa ya kunywa walipata bei njema, wengine wakaambulia bei ya siagi. Baada ya uhuru tume ya Kibe ililichunguza jambo hilo, na tangu katikati ya miaka ya 1960 mikataba ile ikaondolewa, hata mjane wa Nyeri mwenye ng'ombe mmoja akaweza kusimama katika safu na kopo lake. Sheria ya mwaka wa 1958 na sheria ya uhuru zilikuwa na bodi ile ile. Tofauti ilikuwa ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenye maziwa.

Wakenya wanayo pia koleji yao ya nembo, iliyoundwa kwa sheria mwaka wa 1968, ambayo hutoa ngao kwa vyombo vya umma na vyuo na shule. Lakini ukitaka kuiona nembo ya maziwa iliyoingia mioyoni mwa watu wao, usiende kwa koleji. Mwaka wa 1979 wanafunzi wa shule za msingi walianza kupewa maziwa ya bure, yaliyoitwa maziwa ya Nyayo, nayo yalikuja katika pakiti ya pembe tatu. Mtaje pakiti ile mbele ya Mkenya aliyesoma miaka hiyo, umwone anavyotabasamu. Ila tabasamu halikuwalipa wakulima. Mwaka wa 1992 bei ziliachiwa huru, wachuuzi wakaingia kwa wingi, KCC ikalemewa na madeni, wafugaji wakapeleka maziwa bila kulipwa. Ikauzwa, na mwaka wa 2003 Serikali ikaitwaa tena. Jina lilikuwa lile lile kwenye pakiti siku zote hizo, siku za kulipwa na siku za kutolipwa.

Nchi yetu ilipita njia nyingine. Sheria ya mwaka wa 1965 iliunda Bodi ya Taifa ya Maziwa, na katikati ya miaka ya 1970 viwanda vya maziwa vikawekwa chini ya shirika moja la umma, lenye viwanda Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Musoma, Mbeya na kwingineko. Nia ilikuwa njema, maana watoto wa mijini walihitaji maziwa. Lakini kwa kuwa maziwa ya wafugaji hayakufika ya kutosha, viwanda vilichanganya unga wa maziwa na mafuta ya siagi yaliyoletwa kwa meli kama msaada kutoka ng'ambo, vikatia maji, vikafunga pakiti. Palikuwa na mashine, na magari, na jina. Ng'ombe ndiye aliyekosekana. Misaada ilipopungua viwanda vikanyamaza, na katika miaka ya 1990 viliuzwa kimoja kimoja.

Siku zile zile viwanda vilipokuwa vikinyamaza, kazi nyingine ilikuwa ikikua kutoka chini. Katika Kagera, Kilimanjaro, Nyanda za Juu Kusini na Tanga familia zilipewa mitamba ya maziwa mengi kwa mkopo ulioitwa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: aliyepewa mtamba humrudisha ndama jike, naye akapewa jirani. Tanga vyama vya wafugaji viliungana mwaka wa 1993 wakawa chama kikuu kimoja, na baadaye wakawa na sehemu katika kiwanda, hata jina la Tanga likaonekana juu ya pakiti dukani. Sisi hapa Mang'ula twayanywa maziwa yenye jina la Tanga, mbali kama ilivyo, na hatuoni mashaka, huku ya jirani yetu twayachemsha kwa shaka kubwa. (Kuchemsha ni vyema, msiache, twalaumu shaka, hatulaumu sufuria.)

Hata mwaka wa 2004 ikatungwa Sheria ya Maziwa Namba 8, iliyounda Bodi ya Maziwa Tanzania, ambayo ndiyo tuliyo nayo sasa. Hiyo si mnunuzi kama ile ya Waingereza. Haina kapu la bei wala magari ya kukusanya. Kazi yake ni kuwaandikisha wafugaji, wakusanyaji, wasindikaji na wauzaji, kuangalia ubora, kuwaonya wachafuao, na kuwahimiza watu wanywe. Wiki ya Maziwa huadhimishwa kila mwaka kuelekea tarehe 1 Juni. Nchi yetu hutoa maziwa zaidi ya lita bilioni 3 kwa mwaka, na sehemu ndogo sana tu hupita kiwandani. Yaani karibu maziwa yote ya Tanzania husafiri kama ya Mang'ula, ndani ya dumu lisilo na uso. Tena, kama ilivyo desturi ya vyombo vya Serikali, karatasi rasmi huwa na nembo ya Taifa juu yake, ile isiyo na ng'ombe. Hatusemi hivyo kwa kudharau. Nembo ile hailindi bidhaa ya mtu. Ni ya wote, na Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka wa 1971 inakataza kuitumia kwa biashara bila ruhusa. Mwenye dumu lazima atafute alama yake mwenyewe.

Wengine watasema, alama na ngao ni mambo ya Kizungu, sisi yatuhusu nini? Watazame ngao ya kale ya Mmasai. Ilikuwa ya ngozi ngumu, nayo ilichorwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na mwenye kujua aliisoma kama barua: huyu ni wa sehemu fulani ya Umasai, huyu ni wa rika fulani. Ngao ya namna hiyo ndiyo iliyomo leo katika bendera ya Kenya. Na kabla ya ngao kuna chapa. Mmasai na Mbarabaig humpiga ng'ombe wake chapa ya moto na kumkata sikio kwa namna ya ukoo wake, na mwenye macho humtambua ng'ombe wa mtu kwa mbali kuliko sisi tumtambuavyo mwenye ng'ombe. Serikali nayo iliifuata njia hiyo. Ikatungwa sheria ya utambuzi wa mifugo mwaka wa 2010. Katika kampeni ya mwaka wa 2017 ng'ombe wa nchi nzima walipigwa chapa za herufi za wilaya. Na mwaka wa 2025 ilianza kampeni ya chanjo pamoja na kuwavika hereni zenye namba.

Lakini chapa hizo mbili hazisemi neno moja. Chapa ya ukoo yasema, "Huyu ni wetu, ukimkuta amepotea, mrudishe." Chapa ya wilaya yasema, "Huyu ni wa pale. Ukimkuta hapa, uliza amekujaje." Katika bonde letu, lililoona mwaka wa 2012, mfugaji huisoma ya pili kwa wasiwasi, nasi hatumshangai.

Mwaka huu katika somo la kuchora tuliwataka watoto wa darasa la sita wachore kila mmoja ngao ya maziwa. Watoto wa wakulima na watoto wa wafugaji huketi dawati moja, ila wakati wa chakula hutengana, wala hakuna mwalimu aliyewaamuru. Mtoto wa Kisukuma alichora mistari miwili na duara: ilikuwa chapa ya baba yake. Mtoto wa Kindamba alichora mtumbwi, na ndani ya mtumbwi kibuyu. Mmoja alichora ng'ombe amesimama katikati ya mpunga, wenzake wakapiga kelele wakasema, "Mpige faini!" Tulicheka, naye akakunja karatasi yake akaitia mfukoni. Baba yake ana mashauri barazani.

Kutoka picha hizo maneno yalifika majumbani, na kutoka majumbani yalifika sokoni, maana palikuwa pamekwisha kuanza mazungumzo ya kuanzisha chama cha wauzaji wa maziwa, ili waandikishwe pamoja kama sheria itakavyo. Walikutana watu kumi na wanne, wanawake wauzao sokoni na wafugaji waletao, nasi tukaalikwa kuandika. Jambo la laktometa halikuchelewa. Ni kijiti cha kioo kieleacho ndani ya maziwa: maziwa safi ni mazito kidogo kuliko maji, kipimo chake huwa karibu na 1.030, na yakitiwa maji kijiti huzama zaidi. Wote walikubali kipimo kiwepo, hata wale ambao twadhani hawakukipenda. Jambo la kununua keni za alumini badala ya madumu lilichukua saa nzima, kwa sababu ya bei. Mwisho walikubali kuchanga kidogo kidogo. Lakini jambo la alama ndilo lililowaka moto.

Wafugaji walitaka chapa ya ng'ombe. Wanawake walikataa. Mama mmoja aliyeuza maziwa tangu kabla ya operesheni alisimama akasema, "Ndugu zangu, wateja wangu wanajua kwamba maziwa hutoka kwa ng'ombe. Nataka wajue yametoka kwangu."

Mzee wa Kisukuma aliyekaa karibu na mlango alijibu kwa upole. "Mwalimu," alisema, akituelekea sisi ijapokuwa alimjibu mama, "ng'ombe wangu ana alama tatu mwilini: ya baba yangu, ya wilaya, na hereni. Maziwa yake hayana hata moja. Mkinipa alama ya maziwa nitaipokea. Lakini kwanza niambieni ni nani atakayeweza kuniondolea."

Barazani pakanyamaza. Sisi tuliona kwamba mzee aligusa penyewe. Bodi ya Waingereza ilipigiwa kura na wenye ng'ombe. Ya Kenya ilianza kwa kuwafungia nje wengi wao. Shirika letu la kale halikuwauliza, maana halikuwahitaji sana. Picha iliyo juu ya ngao ni jambo dogo. Jambo kubwa ni mkono ushikao kisu cha kuifuta. Ikiwa alama ya Mang'ula yaweza kufutwa na wale kumi na wanne wenyewe, mbele ya wote, kwa kipimo ambacho wote wamekiona, basi mfugaji ataiamini, na mnunuzi ataiamini kwa sababu hiyo hiyo. Ikiwa yaweza kufutwa na mtu wa mbali kwa barua, au na diwani kwa hasira ya uchaguzi, basi itakuwa chapa nyingine tu ya kumwuliza mtu amekujaje. Tulisema hivyo barazani, kwa maneno machache kuliko haya, wakaandika katika kanuni zao kwamba alama haitaondolewa kwa mtu ila kwa kupimwa mara tatu na kwa kura ya theluthi mbili. Kujiandikisha kwa Bodi hawakukataa hata mmoja. Walisema tu kwamba kanuni hiyo itangulie.

Picha bado. Mtumbwi na kibuyu ulipata kura sita, chapa kura sita, na wawili walisema watafikiri. Mkutano wa pili utakuwa baada ya mavuno ya mpunga, watu wakiwa na nafasi, na wakiwa hawana mashauri mapya. Kwa sasa keni ya kwanza imekwisha kununuliwa, lita ishirini, nayo huja sokoni kila asubuhi juu ya baiskeli ya mjukuu wa yule mzee hadi mezani pa yule mama. Haina alama yo yote ila namba 1, iliyoandikwa ubavuni kwa rangi ya kucha.